Historia ya Wakorea, kutoka Dangun hadi Panmunjom: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tamthilia za kifalme za Kikorea zimezoeleka sebuleni kwetu, nyingi zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili. Mtu akishamaliza kutazama vipindi sitini vya malkia aliyefukuzwa ikulu, hubaki na maswali ambayo tamthilia haikumjibu. Haya yalitokea kweli? Hawa si Wachina? Mbona kila mtu anaitwa Kim? Imekuwaje leo wana nchi mbili? Nimeyakusanya maswali hayo hapa, na pale penye mengi ya kusema sikubana maneno. Jambo moja la kukumbuka unaposoma: Mkorea hutaja jina la ukoo kwanza. Yi Sun-sin ni mtu wa ukoo wa Yi aliyepewa jina la Sun-sin.

Wakorea walitoka wapi?

Rasi ya Korea imekaliwa na watu tangu zama za mawe. Wakulima wa mtama na uwele walishuka polepole kutoka Manchuria, upande wa kaskazini, kisha ukaja mpunga, kisha ufundi wa shaba. Katika miaka elfu moja ya mwisho kabla ya Kristo wenyeji walikuwa wakiwazika wakubwa wao chini ya mawe ya kusimamishwa, yaliyofunikwa kwa bamba la jiwe lenye uzito wa tani nyingi. Makaburi hayo yapo kwa maelfu hadi leo, na yale ya Gochang, Hwasun na Ganghwa yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Lugha yao haina undugu na Kichina. Imekopa maneno mengi mno kutoka huko, kama Kiswahili kilivyokopa kwa Waarabu, lakini sarufi ni yao wenyewe. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na hubadilika kulingana na heshima anayostahili yule unayesema naye. Mtu aliyelelewa kutoa shikamoo kabla ya neno lolote ataelewa haraka.

Dangun alikuwa mtu wa kweli?

Kisa chenyewe ni hiki. Hwanung, mwana wa mungu wa mbinguni, alishuka kwenye mlima akatawala watu. Dubu na chui mkubwa wa milia waliokuwa wakiishi pango moja wakamwomba awageuze wanadamu. Akawapa vitunguu saumu na majani machungu ya mpakanga, akawaamuru wajifungie pangoni siku 100 bila kuona jua. Chui alishindwa akatoka mbio. Dubu alivumilia, na siku ya 21 akawa mwanamke. Hwanung akamwoa, akazaliwa Dangun, aliyeanzisha ufalme wa Gojoseon mwaka 2333 KK.

Mwaka huo ni wa mapokeo, hauna ushahidi wa kuchimbuliwa. Lakini angalia kisa kiliandikwa lini. Mtawa wa Kibuddha aitwaye Iryeon alikiweka kitabuni katika karne ya 13, nchi ikiwa chini ya mkono mzito wa Wamongolia. Watu waliokuwa wakinyang'anywa mali na watoto walihitaji kukumbushana kwamba wana babu mmoja. Ndiyo maana Korea Kusini huiadhimisha Oktoba 3 kama siku ya kuasisiwa kwa taifa, na Korea Kaskazini nayo ilitangaza mwaka 1993 kwamba imelipata kaburi la Dangun karibu na Pyongyang. Wanahistoria wa nje hawakukubali dai hilo. Ila pande mbili zisizosikilizana kwa lolote bado zinagombea babu yuleyule, na hilo kwangu lina uzito kuliko kaburi.

Gojoseon yenyewe ilikuwepo. Jeshi la Mfalme Wu wa nasaba ya Han ya China liliiangusha mwaka 108 KK.

Falme Tatu ni zipi?

Goguryeo kaskazini, Baekje kusini magharibi, Silla kusini mashariki. Mapokeo huzipa miaka ya kuanzishwa: Silla 57 KK, Goguryeo 37 KK, Baekje 18 KK. Palikuwa na ya nne pia, shirikisho la miji ya Gaya lililojulikana kwa chuma chake, hadi Silla ilipolimeza mwaka 562.

Goguryeo ndiyo iliyokuwa na misuli. Jiwe la kumbukumbu la mfalme Gwanggaeto, lililosimamishwa mwaka 414, bado limesimama Ji'an, mji ambao leo uko ndani ya China. Mwaka 612 jenerali Eulji Mundeok aliwavuta askari wa nasaba ya Sui ndani kabisa ya nchi, wakachoka, wakaishiwa chakula, akawamaliza kwenye mto Salsu walipokuwa wakirudi. Baekje ilikuwa nchi ya mafundi na mabaharia, na Ubuddha ulivuka kwenda Japani kupitia mikononi mwao. Silla ilichelewa kuinuka, lakini ndiyo iliyoshinda. Iliungana na nasaba ya Tang ya China, Baekje ikaanguka 660 na Goguryeo 668. Tang walipotaka kubaki na nchi yote, Silla iliwageuzia mikuki na kuwasukuma nje mwaka 676.

Kaskazini, watu wa iliyokuwa Goguryeo walianzisha Balhae mwaka 698, ikadumu hadi 926. Silla nayo ilikuwa na malkia waliotawala kwa haki yao wenyewe. Mashuhuri zaidi ni Seondeok, aliyekalia kiti kuanzia 632 hadi 647. Mnara wa mawe wa Cheomseongdae ulioko Gyeongju, ambao huaminika ulitumika kutazama nyota, hutajwa kuwa wa enzi yake.

Jina "Korea" limetoka wapi, na wao wanajiitaje?

Limetoka Goryeo, ufalme ulioasisiwa na Wang Geon mwaka 918. Wao wenyewe hawatumii neno Korea nyumbani. Wa Kusini huita nchi yao Hanguk, wa Kaskazini husema Joseon, jina la ufalme wa mwisho. Kwa hiyo hata neno la "sisi" limegawanyika.

Je, Korea ilikuwa sehemu ya China?

Hapana. Kwa karne nyingi wafalme wa Korea walipeleka wajumbe na zawadi kwa mfalme wa China, wakapokea muhuri wa kutambuliwa na kufuata kalenda yake. Ulikuwa uhusiano wa mdogo na mkubwa, wenye kunyenyekea kweli, lakini kodi, mahakama, jeshi na urithi wa kiti vilibaki mikononi mwa Wakorea. Wasomi wao walisoma Kichina kama wasomi wa Ulaya walivyosoma Kilatini, wala hawakuwa Warumi kwa sababu hiyo.

Goryeo inakumbukwa kwa lipi?

Kwa vyombo vya udongo vyenye rangi ya kijani iliyopoa kama maji ya kina kirefu, na kwa uchapaji. Wamongolia walipovamia kuanzia 1231, watawala walihamia kisiwa cha Ganghwa, wakijua wapanda farasi wale hawana mazoea ya bahari. Wananchi wa bara waliachwa wapambane wenyewe, na jambo hilo halisemwi vya kutosha. Katika miaka hiyohiyo mafundi walichonga maandiko yote ya Kibuddha kwenye vibao vya mti, wakiomba nchi iokoke. Vibao 81,258 vingalipo katika hekalu la Haeinsa, safi kiasi kwamba vingeweza kuchapia leo.

Kisha kuna kitabu cha Jikji, kilichochapwa mwaka 1377 kwa herufi za chuma zinazopangwa na kupanguliwa. Kilitangulia Biblia ya Gutenberg kwa zaidi ya miaka 70. Nakala pekee iliyobaki iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, na Wakorea wengi wanaumia kwa hilo.

Nani alibuni alfabeti ya Kikorea?

Mfalme Sejong, wa nne katika ufalme wa Joseon ulioasisiwa na Yi Seong-gye mwaka 1392. Mifumo mingi ya maandishi duniani haina mwenyewe anayejulikana. Huu unaye, na tunajua mwaka: ulikamilika 1443, ukatangazwa kwa watu 1446 kwa jina la Hunminjeongeum, yaani sauti sahihi za kuwafundisha wananchi.

Sejong alieleza sababu waziwazi. Lugha ya nchi yake ilikuwa tofauti na Kichina, na watu wa kawaida wenye neno la kusema hawakuwa na njia ya kuliandika. Akawahurumia, akatengeneza herufi 28 ambazo mtu anaweza kuzishika kwa muda mfupi. Leo zimebaki 24. Ubunifu wake unastaajabisha hata mtu asiyejua neno la Kikorea. Umbo la herufi ㄱ linaiga ulimi ulioinuka nyuma kutamka "k", na ㅁ ni mdomo uliofungwa kutamka "m". Irabu zilijengwa kwa alama tatu: nukta ya mbingu, mstari mlalo wa ardhi na mstari wima wa mwanadamu aliyesimama. Kisha herufi hukusanywa katika vifungu, silabi kwa silabi.

Mswahili ana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zisizokuwa na "p", "v" wala "ch", na zisizotenganisha "e" na "i" au "o" na "u". Waandishi wetu waliongeza nukta na alama ili sauti zetu zipate pa kukaa. Sejong alikutana na tatizo la jamaa hiyo, akaamua kuanza upya kabisa.

Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1444 msomi Choe Manri aliongoza waraka wa kupinga, akidai kwamba kuwa na maandishi ya peke yao ni kujishusha kufikia watu wasiostaarabika. Kwa miaka zaidi ya 400 serikali iliendelea kuandika kwa Kichina. Hangul, kama alfabeti hiyo inavyoitwa leo, iliishi kwa wanawake, walioandikiana barua kwayo, na kwa watawa, wafanyabiashara na wasomaji wa hadithi. Ilipata nafasi katika nyaraka za serikali mwaka 1894 tu.

Na haikuishia hapo. Chini ya Wajapani, mwaka 1942, wanachama wa chama cha lugha ya Kikorea walikamatwa na kuteswa, na muswada wa kamusi waliyokuwa wakiiandaa kwa miaka ukachukuliwa kama kielelezo cha kesi. Septemba 1945, wiki chache baada ya ukombozi, maboksi yenye muswada huo yalipatikana kwenye ghala la stesheni ya reli ya Seoul. Kamusi ikachapwa.

Yi Sun-sin alishinda kweli kwa meli 13?

Ndiyo. Mwaka 1592 Toyotomi Hideyoshi wa Japani aliingiza Korea jeshi la zaidi ya watu 150,000, akitaka kupita hadi China. Mji mkuu ulianguka katika siku zipatazo 20, mfalme akakimbia, na wananchi wenye hasira wakachoma majumba ya kifalme. Baharini mambo yalikuwa mengine. Jemadari Yi alikata njia ya chakula na silaha ya adui, akashinda pambano baada ya pambano.

Malipo yake yalikuwa fitina. Mwaka 1597 alivuliwa cheo, akafungwa na kupigwa. Aliyepokea nafasi yake akapoteza karibu meli zote. Yi akarudishwa, akakuta meli 13, mbele yake zikiwa za Wajapani zaidi ya 130. Aliwasubiri kwenye mlango bahari wa Myeongnyang, ambako maji hupita kwa kasi na hugeuka mwelekeo mara kadhaa kwa siku. Nahodha yeyote wa jahazi anajua mkondo usiomngojea mtu. Yi aliujua saa kwa saa. Meli za adui zilibanwa, zikagongana, na maji yalipogeuka akazisukuma nje. Aliuawa kwa risasi katika pambano la mwisho, Noryang, mwaka 1598, akiagiza kifo chake kifichwe hadi vita viishe.

Ushindi huo haukufuta hasara. Mashamba yaliharibika, wafinyanzi walitekwa wakapelekwa Japani, na huko Kyoto bado kuna kilima kilichozikiwa maelfu ya pua zilizokatwa kama hesabu ya waliouawa. Kabla nchi haijapona, Wamanchu nao walivamia mwaka 1627 na 1636, na Mfalme Injo akalazimika kupiga magoti mbele yao.

Je, Korea ilikuwa na utumwa?

Ilikuwa nao, na tamthilia huupita haraka. Juu walikaa yangban, wasomi wenye ardhi. Chini kabisa walikuwa nobi, watumwa wa kurithiwa, waliouzwa na kugawanywa katika mirathi kama ng'ombe. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika karne ya 15 hadi ya 17 walifikia karibu theluthi ya watu wote. Walikuwa Wakorea, wenye lugha na sura moja na mabwana zao. Mwaka 1801 serikali ilichoma daftari za watumwa wake, zaidi ya 60,000 wakawa huru. Utumwa wa kurithi ulifutwa 1886, na matabaka yenyewe 1894, mwaka uleule wakulima wa vuguvugu la Donghak walipoinuka kwa silaha dhidi ya maofisa wala rushwa.

Kwa nini kina Kim ni wengi hivyo?

Mkorea mmoja kati ya watano ni Kim. Ukiongeza Lee na Park unapata zaidi ya asilimia 40 ya watu. Zamani jina la ukoo lilikuwa la wakubwa. Matabaka yalipolegea, watu waliokuwa hawana jina walichukua yaliyoheshimika, na usajili wa mwaka 1909 ukawataka wote wawe nalo.

Lakini Kim na Kim si lazima wawe ndugu. Kila ukoo hutaja mji wa asili, na vitabu vya nasaba hufuatilia vizazi kwa vizazi. Kim wa Gimhae, ambao ni zaidi ya milioni nne, humtaja mfalme Suro wa Gaya kuwa babu yao, na hadithi husema mkewe Heo Hwang-ok alikuja kwa merikebu kutoka nchi ya mbali iitwayo Ayuta. Watu wa ukoo mmoja na asili moja walikatazwa kuoana, hata kama undugu ulikuwa wa vizazi 30 nyuma. Mahakama ya Katiba ililipinga katazo hilo mwaka 1997, na likaondoka katika sheria mwaka 2005.

Japani iliitawala Korea kwa muda gani, na utawala huo ulikuwaje?

Wakorea wana methali: nyangumi wakipigana, uduvi huvunjika mgongo. Sisi tunasema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mwisho wa karne ya 19 China, Urusi na Japani zilipigania rasi hiyo. Oktoba 1895 malkia aliyepinga ushawishi wa Wajapani, ajulikanaye leo kama Myeongseong, aliuawa na Wajapani ndani ya jumba lake. Baada ya kuishinda Urusi, Japani ilichukua mambo ya nje ya Korea mwaka 1905, na Agosti 1910 ikaimeza nchi yote. Ilikaa hadi Agosti 1945, miaka 35.

Ardhi ilipimwa upya na wakulima wengi wakawa wapangaji kwenye mashamba yao. Mchele ulipakiwa melini kwenda Japani huku wavunaji wake wakila mtama. Reli, bandari na viwanda vilijengwa, hilo ni kweli, na wapo wanaolitumia kusema ukoloni ulisaidia. Tuliojengewa reli na wakoloni tunajua reli hizo zilielekea wapi.

Machi 1, 1919, ilani ya uhuru ilisomwa Seoul na watu wakajaa barabarani nchi nzima bila silaha. Walijibiwa kwa risasi na magereza. Yu Gwan-sun, msichana wa shule aliyeongoza maandamano ya kwao, alifia gerezani mwaka 1920 akiwa hajatimiza miaka 18. Aprili 1919 serikali ya uhamishoni iliundwa Shanghai.

Miaka ya vita ilikuwa mibaya zaidi. Kikorea kiliondolewa shuleni, na kuanzia 1940 watu walisukumwa kuchukua majina ya Kijapani. Mamia ya maelfu walipelekwa migodini na viwandani. Wanawake na wasichana walichukuliwa, wengi kwa hadaa ya kazi, wakafanywa watumwa wa ngono wa jeshi la Japani. Walinyamaza kwa nusu karne hadi Agosti 1991, Kim Hak-sun aliposimama mbele ya kamera, akataja jina lake na kusema yaliyompata. Baada yake wengine wakapata ujasiri wa kusema.

Mwaka 1936 Sohn Kee-chung alishinda marathoni ya Olimpiki ya Berlin kwa saa 2:29:19 akiwa amevishwa bendera ya Japani. Jukwaani aliinamisha kichwa. Gazeti la Dong-A Ilbo lilichapa picha yake likiwa limeifuta bendera kifuani, likafungiwa. Olimpiki ilipofika Seoul mwaka 1988, mzee wa miaka 76 aliingia uwanjani akiruka kwa furaha, mwenge mkononi. Alikuwa yeye.

Nani aliigawa Korea?

Si Wakorea. Usiku wa kuamkia Agosti 11, 1945, maofisa wawili wa Kimarekani mjini Washington waliagizwa kutafuta mstari wa kugawana na Wasovieti kazi ya kuwapokonya Wajapani silaha. Walitazama ramani, wakachagua latitudo ya 38, kwa kuwa iliacha Seoul upande wao. Moscow ikakubali. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Bara hili lililochorewa mipaka Berlin halihitaji kuelezwa zaidi, ila tofauti ni kwamba mstari ule ulipita katikati ya watu wa lugha moja waliokuwa na nchi moja kwa zaidi ya miaka elfu.

Mstari wa muda ukageuka serikali mbili: Jamhuri ya Korea, Agosti 15, 1948, chini ya Syngman Rhee (huyu huandikwa kinyume, jina la ukoo ni Rhee), na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Korea, Septemba 9, chini ya Kim Il-sung.

Vita vya Korea viliisha vipi?

Havijaisha kisheria. Jeshi la Kaskazini lilivuka mstari Juni 25, 1950, likaichukua Seoul kwa siku tatu. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yakiongozwa na Marekani yalitua Incheon Septemba 15 na kusonga hadi karibu na mpaka wa China. China ikaingia, ikawarudisha nyuma. Seoul ilibadili mikono mara nne. Ndege za Marekani ziliiacha Pyongyang kifusi. Mapatano ya Panmunjom, kijiji cha mpakani, ya Julai 27, 1953, yalisimamisha mapigano tu, na mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Watu wapatao milioni mbili hadi tatu walikufa, wengi wao raia, na mpaka ukabaki karibu palepale ulipokuwa.

Majirani zetu walikuwepo. Haile Selassie alipeleka vikosi vya Kagnew, Waethiopia zaidi ya 3,000 kwa zamu, na zaidi ya 120 hawakurudi. Mji wa Chuncheon una mnara wa kumbukumbu yao.

Ni kweli kwamba mwaka 1960 Korea Kusini ilikuwa maskini kama sisi?

Kwa kipato cha mtu mmoja, ndiyo. Kilikuwa chini ya dola 200 kwa mwaka. Lakini wanaolitaja jambo hili majukwaani kwa kawaida huacha nusu ya habari.

Korea ilianza na mambo ambayo takwimu ya kipato haiyaonyeshi. Ilikuwa na mazoea marefu ya dola moja yenye mitihani na kumbukumbu za maandishi. Mwaka 1950 makabaila walinyang'anywa ardhi iliyozidi hekta tatu, wakulima wakapewa wailipie kwa mavuno, na mtoto wa mpangaji akaweza kwenda shule. Mwaka 1945 zaidi ya robo tatu ya watu hawakujua kusoma. Katika kizazi kimoja hali hiyo iligeuka, na alfabeti ya Sejong ilirahisisha kazi. Marekani ilimwaga misaada kwa sababu ya Vita Baridi.

Park Chung-hee alipindua serikali Mei 16, 1961, akaelekeza mikopo kwa kampuni zilizoweza kuuza nje, na kuzinyima zilizoshindwa. Wachimba migodi wapatao 8,000 na wauguzi zaidi ya 10,000 walikwenda Ujerumani Magharibi na kutuma mishahara nyumbani. Wasichana wa vijijini walishona nguo Seoul usiku kucha kwenye vyumba visivyo na hewa. Novemba 13, 1970, Jeon Tae-il, mshonaji wa miaka 22, alijichoma moto akipaza sauti kwamba wafanyakazi si mashine. Anayeusifu muujiza wa Korea bila kumtaja yeye anasimulia hadithi ya matajiri tu.

Demokrasia waliipataje?

Barabarani, mara nyingi. Aprili 1960 wanafunzi walimwangusha Rhee baada ya uchaguzi wa wizi. Park aliuawa na mkuu wake wa usalama Oktoba 1979, lakini jenerali mwingine, Chun Doo-hwan, akachukua nafasi. Mji wa Gwangju ulipomkataa Mei 18, 1980, askari wa miavuli waliua mamia ya raia. Kwa miaka mingi kuyasema hayo kulikuwa kosa. Juni 1987, baada ya mwanafunzi Park Jong-chul kufia mikononi mwa polisi akiteswa, mamilioni waliandamana, na utawala ukakubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja.

Kumbukumbu hiyo bado ni hai. Usiku wa Desemba 3, 2024, Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi. Wananchi walikimbilia bungeni kuwazuia askari, wabunge wengine wakaruka uzio, na saa chache baadaye wabunge 190 waliifuta. Mahakama ya Katiba ilimwondoa madarakani Aprili 4, 2025.

Na Kaskazini?

Hadi miaka ya 1960 Kaskazini ndiyo iliyokuwa mbele kwa viwanda, na viongozi wengi wa Afrika huru waliitazama kwa matumaini. Mwalimu Nyerere alizuru Pyongyang mwaka 1968, na huko Dakawa, Morogoro, kituo cha utafiti wa kilimo kilibeba jina la Chollima, farasi wa hadithi mwenye mbio zisizo na mfano. Lakini siasa ya kujitegemea ya Juche iligeuka ibada ya familia moja: Kim Il-sung hadi 1994, mwanawe Kim Jong-il hadi 2011, kisha mjukuu Kim Jong-un. Urusi ya Kisovieti ilipovunjika, mafuta na mbolea vikakatika, mafuriko yakafuata, na njaa ya miaka ya 1990 ikaua mamia ya maelfu ya watu, huenda zaidi. Kuna kambi za wafungwa wa kisiasa. Bomu la kwanza la nyuklia lilijaribiwa Oktoba 9, 2006.

Wakorea wengine wako wapi?

Wapo Yanbian nchini China, Osaka na Tokyo, Los Angeles, na mahali ambapo wengi hawapafikirii: Kazakhstan na Uzbekistan. Mwaka 1937 Stalin aliamuru Wakorea wote wa Mashariki ya Mbali ya Urusi, watu wapatao 172,000, wapakiwe kwenye mabehewa na kumwagwa katika nyika za Asia ya Kati. Wengi walikufa baridi ya kwanza. Waliobaki walichimba mifereji na kupanda mpunga. Mmoja wao alikuwa Hong Beom-do, aliyewahi kuwaongoza wapigania uhuru dhidi ya Wajapani. Alifariki Kyzylorda mwaka 1943. Mabaki yake yalirudishwa Korea Kusini Agosti 2021.

Familia zilizotenganishwa na vita zimewahi kuonana?

Baadhi. Mwaka 1983 televisheni ya KBS ilianza kipindi cha kutafutana kwa ndugu waliopotezana, kwanza kwa wale waliobaki Kusini. Kilipangwa kwa dakika 95. Watu walimiminika na mabango yenye majina ya vijiji, alama za makovu, na majina ya utotoni. Matangazo yakaendelea kwa siku 138 na familia zaidi ya 10,000 zikaunganishwa. Kuta za jengo la KBS zilifunikwa kwa karatasi za "namtafuta mama yangu".

Kukutana na walioko Kaskazini kulianza kwa utaratibu mwaka 2000, baada ya Kim Dae-jung, rais wa Kusini, kwenda Pyongyang. Waliochaguliwa kwa bahati nasibu walipewa siku chache na saa za kuhesabika, chini ya uangalizi, mama wa miaka 90 akimshika mikono mtoto wa miaka 70 aliyemwacha akiwa mchanga. Kisha kila mmoja alipanda basi lake, wakapungiana kupitia vioo. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti 2018, na wengi wa walioandikisha majina wamekwisha kufa.